Barua Niliyochelewa Kuiandika

Iko siku moja, mwanangu, siku ya Jumanne, ambayo nimeishi nayo miaka zaidi ya hamsini na bado hatujazoeana. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimekaa kwenye meza ya mbao katika chumba kidogo kando ya kanisa letu la Mulongwe, kalamu mkononi, Biblia karibu, na mwanamke amesimama mlangoni akiniomba karatasi. Nilimnyima. Nilimnyima kwa mstari wa Biblia, tena mstari wa kweli, na niliusoma vizuri bila kukwama.

Usidhani nakusimulia haya kwa sababu ya uzee tu, ingawa najua mnasema mzee huyu akianza hamalizi. Nakusimulia kwa sababu ya Jumapili iliyopita. Nilikuwa nimekaa pale mnaponiwekea kiti, nanyi mkidhani nimesinzia, nikakusikia ukimsomea yule binti aliyerudi kwao na mimba kwamba mshahara wa dhambi ni mauti. Hukukosea hata neno moja. Binti akainamisha kichwa, wenzako wakaitika amina, nami nikaogopa, maana sauti ile niliifahamu. Ilikuwa sauti yangu ya ujana. Basi kaa hapa, unisikilize. Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilikunjwa nimeshaanza kukauka.

Uhuru ulipofika nilikuwa na miaka kumi na sita, nasoma shule ya misheni. Mwalimu wetu Mzungu alifunga sanduku lake akaondoka na wenzake, na kazi zote walizokuwa wameshika zikatafuta mikono mingine. Mtu aliyekuwa akifagia ofisi jana alijikuta leo ndiye karani, na baadhi yao walifanya kazi vizuri kuliko waliowatangulia, ila hayo tuyaache. Mimi, miaka michache baadaye, nilipewa usekretere wa kanisa, na pamoja nao kashe, yaani ule muhuri wa kugonga barua. Nilikuwa naupulizia pumzi kwanza ndipo niugonge, kama nilivyomwona mwalimu akifanya. Kijana mwenye kashe mfukoni, mwanangu, hatembei kama vijana wengine.

Lazima ujue barua ya kanisa ilikuwa kitu gani siku zile. Mkristo wa kwetu hakuhama hivi hivi. Akienda kuvua ng'ambo, au kulima mpunga kule Luberizi, alibeba barua: huyu ni mwenzetu, anashiriki Meza ya Bwana, mpokeeni. Na aliyekuwa nyuma hakupewa barua. Kuwa nyuma maana yake ni kwamba umekosa, wazee wamekukalisha kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, na kikombe cha Bwana kinapopita hakikufikii. Unakaa miezi mitatu, kisha unasimama mbele ya watu wote, unatubu kwa kinywa chako, unarudishwa. Orodha ya walio nyuma niliiandika mimi. Niliipenda orodha ile kuliko nilivyowapenda watu waliomo.

Kisha uasi ukashuka Uvira. Hayo umeyasikia, sina haja ya kuyarefusha. Waasi walikuwa na dawa yao: walimchanja mtu kwa wembe, kipajini na kifuani, wakapaka unga, wakamnyunyizia maji, wakaamini kwamba risasi ikimjia itageuka maji. Asiyekubali kuchanjwa alihesabiwa adui. Kanisa lilisema kuchanjwa ni kumkana Kristo, na wengi wetu tukapanda milimani kujificha. Mimi nilikaa huko karibu mwaka mzima, nikila mizizi na mahindi mabichi, Biblia imefungwa katika gome la mgomba isilowe.

Mdogo wangu Elia hakuwahi kupanda. Walimkamata njiani, karibu na mto, wakamwambia achanjwe. Akakataa. Akawaambia yeye ni mtu wa Yesu na maji aliyobatizwa nayo yanamtosha. Wakamuua hapo hapo. Alikuwa na miaka kumi na minane. Nilipata habari zake baada ya siku nne, na sikuweza hata kushuka kumzika. Nakueleza hili si ili unihurumie. Nakueleza ili ujue ni kitu gani kilikuwa kimekaa ndani yangu siku ile ya Jumanne, kikijifunika Biblia.

Jeshi la serikali liliporudi, nasi tukashuka. Tulikuta nyumba nyingine zimeanguka na kanisa halina milango. Mchungaji wetu alikuwa amevukia Burundi na hajarudi, kwa hiyo kanisa lilibaki mikononi mwa Mzee Rusati. Mzee huyo alikuwa mlimaji wa mihogo, mrefu, mwenye jicho moja lililoingia ukungu, na hakujua kusoma. Lakini Biblia aliijua kwa masikio. Ukimwambia mstari, alikuambia ulio mbele yake na ulio nyuma yake. Mimi nilikuwa nikimsomea, na moyoni nilijiona mkubwa kwake kwa sababu hiyo. Ujinga wa msomi ni mbaya kuliko ule wa asiyesoma, kwa sababu una miwani.

Wazee wakakubaliana kwamba wote waliochanjwa wakae nyuma miezi mitatu. Jumapili ya kwanza, kabla sijamaliza kusoma tangazo, mvuvi mmoja aliinuka katikati ya wanaume, akaenda mwenyewe kukaa kwenye benchi la mlangoni. Huyo alikuwa Lukendo. Alikuwa na chale mbili nyeusi kipajini. Mtu wa maneno machache, mabega mapana, mikono imekatwakatwa na kamba za nyavu. Mkewe tulimwita Mama Sifa, kwa jina la binti yao wa kwanza. Nilimtazama Lukendo pale mlangoni, mzima, anapumua, nikamkumbuka Elia. Nikaandika jina lake katika orodha kwa herufi kubwa.

Wiki ile ile askari wakaanza kukamata kila mwanaume mwenye chale. Waliwafungia Kalundu, karibu na bandari. Komanda wao akatangaza kwamba anajua wako waliochanjwa kwa nguvu, na kwamba mtu akiletewa barua ya kanisa lake au ya mkubwa wa mtaa wake, kesi yake itatazamwa. Wasio na barua watapakiwa kwenye kamyo, yaani lori, siku ya Alhamisi, wapelekwe njia ya Bukavu. Hakuna aliyeuliza watafanywa nini huko. Niliandika barua saba kwa siku mbili, kwa watu saba niliojua kwamba walishikwa wakachanjwa huku wanalia. Watu wote saba walirudi nyumbani.

Basi Jumanne akaja Mama Sifa.

Alikuja na mtoto mgongoni, miguu imejaa matope maana mto ulikuwa umefurika. Akanisalimu kwa heshima, ingawa ningeweza kuwa mdogo wake wa mwisho. Akaniambia Lukendo amekamatwa, yuko kasho, yaani jela, na yeye mkewe anaomba barua. Nikamwuliza kama mumewe alishikwa akachanjwa kwa nguvu. Mama Sifa hakujua kusema uongo, au hakutaka kuusema mbele ya meza ile. Akanijibu kwamba hapana, alikwenda mwenyewe.

Nikafungua Biblia. Sikuhitaji kuifungua, mstari huo hata mtoto anaujua, lakini niliifungua ili aione. Nikamsomea amri isemayo usimshuhudie jirani yako uongo. Nikamweleza kwa upole, upole ule wa mtu aliyeshiba, kwamba barua zote nilizoandika zinasema mtu alilazimishwa, na mumewe hakulazimishwa, basi mimi nitamdanganyaje komanda? Tena mumewe yuko nyuma, na aliye nyuma hapewi barua ya kanisa, ndiyo kanuni. Kwanza asimame mbele ya watu, atubu, amalize miezi yake mitatu.

Mama Sifa akasema, bila kupandisha sauti:

"Sekretere, muntu iko mu kasho. Atasimama mbele ya kanisa namna gani? Minye sikuombi Meza ya Bwana. Nakuomba paka karatasi."

Aliomba karatasi tu, na mimi nikamwambia nitamwombea. Hilo ndilo neno ninaloliona aibu kuliko yote, mwanangu. Nitamwombea. Akafunga vizuri kitambaa cha mtoto, akatoka, na mimi nikaendelea kunakili nyimbo za kwaya zilizokuwa zimelowa, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Sasa nikuambie kile ambacho sikumwambia yeye. Nilijua kwa nini Lukendo alikwenda kuchanjwa. Waasi walikuwa wamenyang'anya mitumbwi yote ya ufuko wa ziwa, wakawaachia wale tu waliokubali dawa yao, ili wavue na kuwalisha. Lukendo akachanjwa, akabaki na mtumbwi wake. Asubuhi alitoka kuvua kama wenzake, na chini ya nyavu alikuwa amelaza watu: mama na watoto, wazee, mara mbili au tatu kwa wiki, akiwavusha hadi ufuko wa Burundi, kisha anarudi na ndagala kidogo, wale dagaa wa ziwa letu, anakemewa kwamba hajui kuvua. Mmoja wa watu aliowavusha alikuwa dada yangu wa kuzaliwa, pamoja na kichanga chake. Habari hiyo niliipata milimani, kwa mtu aliyetumwa na dada mwenyewe. Nilimshukuru Mungu siku ile. Lukendo sikumshukuru.

Nilijua hayo yote, nikakaa nayo kimya nyuma ya amri ya Mungu. Kwa nini? Kwa sababu Elia alikuwa amekufa na Lukendo alikuwa hai. Hakuna sababu nyingine. Nilitafuta nyingine kwa miaka mingi, sikuiona.

Mzee Rusati hakuwapo Jumanne hiyo. Alikuwa Nyakabere, kule bondeni, kuwazika waumini waliokutwa mashambani na kuwatia moyo waliobaki. Alirudi Alhamisi, jua limeshapanda, kwa miguu, fimbo mkononi. Mama Sifa alikuwa amemngoja barabarani tangu alfajiri. Nilimwona mzee akiingia chumbani kwangu bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwa nalo, akakaa kwenye kigoda, akafuta jasho. Nilidhani atanifokea. Ningefurahi kama angenifokea, maana mtu akifokewa hupata mahali pa kujitetea.

Aliniuliza tu kama ni kweli nimemnyima yule mama barua. Nikasema ndiyo, nikamtajia kanuni, nikamtajia amri. Akatikisa kichwa kama mtu anayekubali. Akaniomba nifungue Mithali, sura ya ishirini na nne, nimsomee pale panaposema juu ya watu wanaopelekwa kuuawa. Nikafungua, nikasoma. Panasema tuwaokoe wanaochukuliwa wakafe. Nikaishia hapo. Akaniambia niendelee, neno halijaisha. Nikasoma unaofuata, ule unaosema kwamba ukijitetea kuwa hukujua, yeye apimaye mioyo anajua.

"Dada yako alivuka na nani?" akaniuliza.

Mtoto alikuwa analia nje, mgongoni mwa mama yake, na mimi nilikuwa natazama kashe juu ya meza.

"Nakuuliza, mwanangu. Alivuka na nani?"

Nikasema, na Lukendo. Nikasema pia jambo ambalo nilikuwa sijalisema kwa mtu yeyote, kwamba Elia alikataa wembe akafa, na kwamba si haki aliyeukubali atembee huku amebeba barua yenye muhuri wa kanisa lile lile. Nililia niliposema. Mzee aliningoja mpaka nikamaliza. Kisha akasema maneno ambayo nitazikwa nayo:

"Elia alitoa uhai wake mwenyewe. Weye unatoa wa muntu mwingine."

Akaniambia tena, polepole, kwamba kanuni ya benchi la nyuma waliiweka wao wazee kwa ajili ya Meza, hawakuiweka kwa ajili ya gereza. Na kuhusu uongo, akaniuliza ni nani aliyeniambia niandike uongo. Andika kwamba alikwenda mwenyewe, akasema. Kisha andika kwa nini alikwenda, na aliwavusha nani. Nani amekuambia barua ya kanisa lazima iwe fupi?

Mwanangu, mimi niliyesoma shule sikuwa nimeliwaza hilo. Nilikuwa na ukweli nusu, nikauvika mstari mzima. Uongo mtupu watu huutambua haraka, lakini nusu ya ukweli hupita mlango wa mbele na kukaribishwa kiti.

Nikaandika. Karatasi ya kwanza niliiharibu. Niliandika kwamba Lukendo alikwenda mwenyewe kuchanjwa ili abaki na mtumbwi wake, na kwa mtumbwi huo aliwavusha watu wa kanisa letu, na mmoja wao ni dada yangu. Mzee akatia kidole gumba chini yake. Nikagonga kashe. Tukashika njia ya Kalundu, mzee, mimi na Mama Sifa, tukitembea haraka kando ya ziwa, na mzee yule aliyekuwa amerudi kutoka Nyakabere kwa miguu hakuomba tupumzike hata mara moja.

Kamyo ilikuwa imeshaondoka tangu saa nne asubuhi.

Askari wa mlangoni alikuwa kijana wa rika langu, mtu wa mbali, anayechanganya Kiswahili na Kilingala. Alichukua barua, akaisoma yote akiwa amesimama, akaisoma tena. Akanirudishia. Akasema jina hilo lilikuwamo katika orodha ya waliopakiwa. Akasema, na hakusema kwa ubaya, kwamba tungeileta jana. Jana yake mimi nilikuwa bado nanakili nyimbo. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nikajua siku ile kwamba tumbo linaloumia si lazima liwe la yule anayengojesha.

Tulimrudisha Mama Sifa kwa watoto wake, kisha mzee na mimi tukaifuata kamyo. Usicheke, tuliifuata kwa miguu. Tulipita bonde la Ruzizi, tukafika Luberizi siku ya pili, na watu waliokuwa katika mashamba ya mpunga wakatuambia kwamba kamyo ilipita jana bila kusimama, na watu walikuwa wamejaa ndani yake. Mbele kidogo palikuwa na kizuizi cha askari. Nikawaonyesha barua. Hawakuisoma. Wakatuambia turudi tulikotoka, na mmoja akaikoki bunduki. Mzee Rusati alikaa chini pembeni ya barabara, akavua viatu, nikaona nyayo zake zinatoka damu. Nilitamani aniambie neno lolote. Aliniomba tu maji.

Lukendo hakurudi. Hakuna aliyetuambia alikufa wapi, wala kama alikufa. Mama Sifa alikwenda kuuliza mara nyingi, nami nikaandika barua nyingine, ndefu, kwa kila ofisi niliyoisikia ikitajwa. Nilikuwa mwepesi wa kuandika wakati ule. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mtu huinama tu kuyazoa.

Miezi ikapita. Mvua ikaja, na mihogo mipya ikaanza kuliwa. Alasiri moja Mama Sifa akaja tena kwenye kile chumba. Nilisimama nikamwachia kiti changu, hakukaa. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi kwa maneno yangu ya toba, nilikuwa hata nimechagua zaburi. Nikaanza kuyasema, akaninyamazisha kwa mkono.

Aliniambia watoto wake wanaitwa watoto wa muasi. Sifa amerudi kutoka shuleni akilia, hataki kwenda tena. Na katika orodha ya kanisa baba yao bado yuko nyuma, jina limeandikwa kwa herufi kubwa, kila mtu amwone.

"Soma ile barua," akaniambia. "Isome mu kanisa, mbele ya batu bote."

Nikamwambia barua ile haitamsaidia tena Lukendo.

"Yeye hapana," akasema. "Watoto."

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Nilisimama mbele, pale wanaposimama wanaotubu, na wala si pale anaposimama sekretere. Nikaisoma barua kama ilivyokuwa, na nilipofika mwisho nikaongeza kwa mdomo kile kisichoandikwa: kwamba haya yote niliyajua siku ya Jumanne, kwamba mke wake alikuja na mtoto mgongoni nikamsomea amri, na kwamba barua iliandikwa Alhamisi. Nilimwona Sifa, msichana wa miaka kumi, amekaa katikati ya wanawake, amenyoosha shingo anisikie vizuri. Nikachukua orodha, nikalifuta jina la baba yake, nikaandika langu. Kisha nikashuka, nikapita katikati ya watu niliowaandikia barua na watu wa yule niliyemnyima, nikaenda kukaa kwenye benchi la mlangoni.

Hakuna mzee aliyenipeleka, na Mzee Rusati hakunizuia. Benchi lile, mwanangu, nilikuwa nimewapeleka watu wengi, lakini sikuwa nimewahi kulikalia. Halikuwa na mgongo wa kuegemea. Unaona vichwa vya wenzako tu, na unasikia mkate ukimegwa bila kuuona.

Wimbo ulipoanza, nikasikia mtu anakuja. Alikuwa Mama Sifa, amemwacha mtoto kwa binti yake. Akasimama mbele yangu.

"Songea," akasema.

Nikasogea. Akakaa. Kikombe kikaanza kupita, safu kwa safu, nikamnong'oneza arudi mahali pake, yeye hana kosa, kikombe hakitafika huku. Akanijibu akitazama mbele:

"Najua. Minye bado niko na kasirani na weye, na sijui itaisha lini. Lakini hautakaa hapa peke yako."

Kikombe kilipita. Hakikutufikia. Tulikaa hivyo mpaka mwisho wa ibada, yeye na mimi, na miezi yote mitatu alikuja kukaa pale, hata Jumapili alizokuwa hawezi kunitazama usoni. Nilikuwa nimesoma juu ya neema tangu utoto, nimeifundisha, nimeiimba. Pale benchini niliinuliwa nayo kwa mara ya kwanza, nayo ilikuwa imenuna na ilinuka samaki wa kukausha.

Sasa nikuambie ninalotaka ulibebe, mwanangu, maana mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu ni mchungu, na wewe umeanza kushika mkuki. Biblia nzuri hiyo uliyonayo ina mistari ya kutosha kumwua kila mtu wa mtaa huu, na wewe mwenyewe ndani yake. Kabla hujamsomea mtu mstari, jiulize kwanza unamchukia kwa nini. Ukipata jibu, funga kitabu, kashughulike na jibu hilo mbele ya Mungu. Kisha jiulize unajua nini juu ya mtu huyo ambacho hukisemi. Haki ya Mungu haitaki tu usiseme uongo. Inataka kile unachokijua ukiseme kwa wakati wake, wakati bado kina faida kwa mwenye shida, wakati kamyo haijaondoka. Na mtu akija mlangoni kwako akikuomba karatasi, usimwahidi maombi. Mpe karatasi, kisha uombe.

Yule binti wa Jumapili, hukumwuliza ni nani aliyempa mimba. Mimi nadhani unamjua, na nadhani amekaa kwaya moja na wewe, anaitika amina. Nenda leo, usingoje Jumapili. Usiende na mstari. Nenda ukakae mahali alipokaa binti huyo, hata akikataa kukutazama, na huyo mwenzako umwambie asimame aseme lililo lake.

Mungu aliyempokea Elia, na anayejua Lukendo amelala wapi ingawa sisi hatujui, akupe ulimi wenye woga wake na miguu isiyochelewa. Akunyime usingizi siku utakayomnyima mtu haki yake, na akurudishie usingizi ukienda kumtengenezea. Na siku ukikosa, kwa maana utakosa, asikukose mtu wa kukuambia songea.

Nenda sasa, mwanangu. Jua bado liko juu.